Moyo wanienda mbio, paka wa mama amekufa, na nywele bado zadondoka

Asalaam aleikum Bi Mfamasia, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli, nina miaka 31, niko Wete, Pemba. Nimeoa, na Mungu ametujaalia mtoto mmoja, ana miezi minne. Nakuandikia kuhusu nywele. Usinicheke.

Kwetu upara ni wa ukoo. Babu alikuwa nao, baba alikuwa nao, na ami zangu wakivua kofia siku ya Idi huwezi kumjua nani ni nani kwa nyuma. Mimi paji lilianza kupanda nikiwa na miaka 25, halafu utosini pakafanya kama kisahani. Mchana nina kofia yangu ya viua, hakuna anayejua. Mke anajua. Na darasa la sita walijua siku upepo ulipoichukua kofia uwanjani. Tangu siku ile jina langu ni Mwalimu Mbalamwezi.

Mwezi wa Julai shemeji yangu alikuja kutoka Maskati akaniletea boksi la dawa ya kupaka, vichupa sita vya mililita 60, minoksidili ya asilimia 5. Karatasi ya ndani maandishi yake madogo kama sisimizi, sikuimaliza. Shemeji alinambia nipake mililita moja asubuhi na moja usiku, kwa kile kibomba chake. Nikafuata hivyo wiki za mwanzo. Sikuona kitu, ila kichwa kilianza kuwasha na kutoa mba kama unga. Nikawa napaka mafuta ya habasoda juu yake ili kitulie.

Wiki ya nne nywele zikaanza kudondoka. Si moja moja, Bi Mfamasia. Nikipitisha mkono zinakuja na mkono, na asubuhi foronya imejaa. Nikaona dawa imezidiwa, niitie nguvu. Kinyozi wangu akanambia, "Yakhe, nywele hizo zinaizuia dawa isifike. Nyoa." Nikanyoa kwa wembe, na kila siku ya tatu narudia. Sasa natia vipimo vitatu asubuhi na vitatu usiku, na usiku navaa ile kofia ya nailoni ya kuogea ya mke wangu ili isikauke upesi. Kichupa kinanitosha siku kumi tu.

Maswali yangu ni haya. Niende hadi vipimo vitano, au kuna dawa yenye nguvu kuliko hii? Na mke wangu, ambaye nywele za mbele zimeanza kumtoka tangu ajifungue, naye apake hii hii?

Kuna jambo jengine, ingawa hilo lina wenyewe wanalishughulikia. Kwa wiki tatu sasa mimi si mzima. Moyo unanienda mbio, hasa usiku nikilala, nasikia mapigo mpaka masikioni. Nikiinuka ghafla macho yanaingia kiza. Naamka uso umevimba chini ya macho, na jioni viatu vinanibana. Juma lililopita nilikwenda shamba kusaidia mchumo, nikapanda mkarafuu, nikiwa juu dunia ikazunguka. Nilikumbatia shina mpaka kaka akaja kuniteremsha. Mama anasema ni husda, kwa sababu mwaka huu mikarafuu yetu imezaa na ya jirani haikuzaa. Alizidi kuamini paka wake alipokufa. Paka yule tangu mdogo alikuwa halali ila kwenye mto wangu. Alianza kuzubaa, chakula hataki, akawa anahema mdomo wazi, siku ya pili akafa. Mama alilia akasema kafa kwa niaba yangu, kalipokea lililokuwa langu. Tumeita mtu kasoma, na leo ni siku ya saba nakunywa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Lakini hilo nimelitaja tu. Shida yangu mimi ni nywele.

La mwisho: nimeona kwenye kichupa imeandikwa kuwa imo spiriti. Swala zangu vipi?

Mwalimu, Wete

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma hadi kwenye paka, nikaiweka chini, nikaanza upya kutoka juu. Umeniuliza nywele kwa kirefu, na moyo umeutaja njiani kama mtu anayesimulia safari akasema na mvua ilinyesha. Mimi naanza na moyo. Nywele zitangoja.

Dawa hiyo usiipake tena. Sisemi upunguze, nasema uiwache, kuanzia ulipomaliza kusoma mstari huu. Na mkarafuu usiupande mwaka huu, hata pishi zikipotea. Watu wazima wenye macho yasiyoingia kiza wanaanguka kutoka kwenye mikarafuu, sembuse wewe.

Sasa nikwambie umepaka nini. Minoksidili haikuzaliwa dawa ya nywele, ilizaliwa dawa ya presha. Ilikuwa kidonge, kikaidhinishwa Marekani mwaka 1979 kwa wagonjwa ambao presha zao zimekataa kushuka kwa dawa nyengine. Kazi yake ni kutanua mishipa ya damu. Waliokuwa wakikinywa wakaanza kuota nywele kwenye mashavu, mikono na mgongo, na hapo ndipo wenye kiwanda walipopata wazo la kuigeuza maji ya kupaka kichwani. Ya asilimia 2 iliruhusiwa kwa wanaume mwaka 1988. Hii kali ya asilimia 5 ikafuata 1997. Jina halikubadilika, na tabia haikubadilika. Ikiingia kwenye damu inafanya kazi yake ile ile ya zamani: mishipa inatanuka, presha inashuka, moyo unakimbia ili kufidia, na figo zinashika chumvi na maji ambayo asubuhi unayaona chini ya macho na jioni kwenye viatu. Anayepewa kama kidonge cha presha kwa kawaida huongezewa dawa ya kuupunguza moyo mbio na nyengine ya kutoa maji mwilini. Wewe umeinywa kwa utosi, bila hizo mbili.

Nawe ni mwalimu, basi tufanye hesabu. Mililita moja ya asilimia 5 ina miligramu 50 za dawa. Asubuhi na usiku ni 100. Ngozi ya kichwa ikiwa nzima na kavu, kinachopenya kwenye damu ni kama asilimia 1.4 tu, yaani chini ya miligramu moja na nusu kwa siku, na wengi hawaisikii. Vipimo vyako sita ni miligramu 300. Hata kwa ngozi nzima hiyo ingekuwa zaidi ya miligramu 4 kwa siku, na mtu mzima mwenye presha huanzishwa kidonge cha miligramu 5. Lakini ngozi yako si nzima! Umeipitisha wembe kila siku ya tatu, imewashwa ikachubuka, umeipaka mafuta, halafu ukaifunika nailoni usiku kucha kwa joto la Pemba. Kila kimoja katika hivyo kinaufungua mlango zaidi. Kinyozi wako mwambie abaki na mashine yake.

Sikulaumu sana, maana najua kosa lilipotoka. Sote tumelelewa na mama anayekukamata kabla ya skuli akakumiminia mafuta ya nazi mpaka yakateremka shingoni, na kadiri unavyong'ara ndivyo anavyoridhika. Kwa hiyo chochote cha kupaka kwetu ni mafuta. Nimekaa nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi, na nilikuwa nikimuuliza mtu, "Unatumia dawa yoyote?" ananijibu hapana, na kichwani kapaka, au usoni kapaka krimu ya steroidi mwaka mzima. Dawa kwake ni kidonge na sindano.

Ndiyo maana nakuomba hospitalini usifanye hivyo. Nenda leo, ikishindikana kesho asubuhi. Wete hospitali mnayo, huna haja ya kungoja meli. Chukua boksi na kile kichupa, mwekee daktari mezani, na umwambie vipimo vyote sita, na wembe, na nailoni. Atacheka kidogo, vumilia. Apime presha umelala kisha umesimama, akupime moyo kwa ile mashine ya umeme, na aangalie mkojo na damu kwa ajili ya figo, kwani uso unaovimba asubuhi una sababu nyingi na mimi nakusoma tu, sikuoni. Kifua kikikuuma, au ukikosa pumzi unapolala chali, au ukizimia, basi usingoje asubuhi.

Ikiwa ni dawa, utajua upesi. Mtu akiiwacha, karibu yote iliyokwisha kuingia mwilini hutoka ndani ya siku nne. Mapigo yatulie, viatu viingie. Juma likipita na hali ni ile ile, rudi kwa daktari atafute jengine. Na kombe, ukitaka kuendelea nalo endelea. Maji na zafarani havigombani na kipimo cha moyo. Kilichokuwa kikigombana ni kunywa kombe Alasiri na kujipaka mililita tatu baada ya Isha.

Nimefika kwa paka, na hapa roho imeniuma. Mimi nyumbani ninao watatu. Minoksidili kwa paka ni sumu kali. Mwili wake hauiwezi kabisa. Kidogo tu, kiasi cha kulamba foronya iliyolowa au mkono wa mtu aliyejipaka, kinatosha kumuua. Moyo unalemewa, maji yanajaa kifuani, na ndipo unapomuona anahema mdomo wazi. Wa mama alilala pale dawa ilipokuwa ikichuruzika, ikamganda kwenye manyoya, naye akajisafisha kwa ulimi kama paka anavyojisafisha. Sikumpima, lakini kila ulichonieleza kinaelekea huko. Mwambie mama taratibu, wala usimwambie mbele za watu. Ila mwambie, kwa sababu kuna jirani hapo mwenye mikarafuu isiyozaa ambaye sasa anatazamwa vibaya kila akipita, na hana habari hata ya kichupa.

Katika barua yote hukunambia mtoto analala wapi. Miezi minne, bila shaka yuko kitandani kwenu, na bila shaka unamlaza kifuani akashika kichwa chako akatia mkono kinywani. Huko Hispania wamepatikana watoto wachanga walioota nywele mwilini kote, na ikaja kuonekana kuwa mzazi alikuwa akipaka dawa hii. Mgusano ulipokatwa, nywele zile zikapotea baada ya miezi. Mvue nguo mwangaza wa mchana umuangalie mgongo, mapaja na mashavu. Ukiona malaika yake, zile nywele laini za mwilini, yamekuwa meusi na marefu, au ananyonya kivivu, nenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Hata usipoona kitu, mtaje kwa daktari.

Mkeo asiipake. Ananyonyesha, na dawa hii inapita kwenye maziwa. Tena haihitaji. Mwanamke akiwa na mimba nywele zake hukaa, hazidondoki kwa hesabu yake ya kila siku. Akishajifungua, kiasi cha mwezi wa tatu hivi, zile zilizokuwa zimengoja hutoka pamoja. Inatisha kuiona kwenye kitana, lakini kwa kawaida hurudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu yake. Asisuke za kubana mbele, na ushungi asiukaze. Ukipita mwaka na bado, apimwe damu na tezi ya shingo.

Haya, nywele zako.

Jambo lililokufanya uzidishe dawa ndilo lililokuwa likikwambia kuwa inafanya kazi. Kila unywele una zamu ya kukua na zamu ya kupumzika. Minoksidili inaziamsha zile zilizolala zianze zamu mpya, na unywele mpya ukianza kupanda unausukuma nje wa zamani. Kwa hiyo kati ya wiki ya pili na ya nane wengi huona nywele zikitoka kuliko mwanzo, kisha hutulia. Hayo yamo kwenye ile karatasi ya sisimizi. Ungestahamili kwa kipimo kimoja, matunda yenyewe huanza kuonekana kama mwezi wa nne, tena utosini zaidi kuliko kwenye paji. Paji lako lile la ukoo halikuwa na ahadi kubwa hata mwanzoni. Na inachokuotesha unakikodi tu: ukiiwacha, kimeshuka chote ndani ya miezi mitatu minne. Mshahara wa mwalimu mnaujua nyinyi wenyewe.

Kuwasha na mba kwa wengi hakutokani na minoksidili yenyewe bali na propilini glaikoli, kimiminika kinachoiyeyusha. Ndiyo maana ipo ya povu isiyokuwa nacho. Kwa sasa osha kichwa kwa shampuu laini, usinyoe kwa wembe, na habasoda iweke jikoni.

Umeuliza iliyo kali zaidi. Kipo kidonge cha finasteridi, kinachozuia homoni inayonyong'onyesha mizizi ya nywele, na kwa wachache hupunguza hamu ya mambo ya ndoa. Hicho ni cha daktari, wala si cha kuletewa kwenye begi la shemeji. Na minoksidili hii sioni urudi kwayo hata baada ya kupona, mpaka daktari aliyeusikiliza moyo wako akuruhusu kwa kinywa chake. Akikuruhusu, ni mililita moja kwenye ngozi kavu isiyo na jeraha, mikono uioshe papo hapo, na uwe umekauka kabisa, saa mbili au zaidi, kabla ya kofia, mto au mtoto. Maji yasiguse kwa saa nne. Binafsi, ningekuwa dada yako, ningekwambia uvae kofia yako ya viua na darasa la sita waendelee na Mbalamwezi wao. Sisi wetu tulimwita Kijiti mpaka anastaafu, na alikuwa akiitika.

Kuhusu swala, hukumu ya spiriti muulize sheikh wako, nisije nikakaa kwenye kiti kisicho changu. La famasi ni kwamba spiriti huruka ikabaki dawa. Ila ikiwa ulikuwa unaogopa udhu utaiosha dawa, sisi Mashafii kupaka maji sehemu ya kichwa kunatosha, ungepaka kisogoni palipokuwa hapana dawa. Josho la wajibu ndilo lisilokwepeka, na hilo usingelichelewesha kwa sababu ya kipara.

Vichupa vilivyobaki usivitupe jaani, paka wa mtaa mzima wako huko. Vipeleke famasi ya hospitali wakuharibie. Ile kofia ya nailoni mnunulie mkeo nyengine. Foronya, shuka na kofia zako zote zifuliwe kwa sabuni, mto wenyewe utupwe uliofungwa vizuri, kabla mama hajaletewa paka mwengine, maana namjua, ataletewa.